Tuliipaka rangi ndege ya vita ya baba siku tatu kabla ya mtaalamu kuja kuikagua

Wakuu, habari za huko mliko. Kama una kikombe cha chai karibu, kishike, halafu unisikilize pole pole, maana hii stori ina kuku, rangi na wazee wawili wasiopenda kushindwa, na nisipoipanga vizuri tutapotezana.

Yote ninayoandika yametokea kwetu Timau mbele ya macho yangu, na sehemu kubwa ya kosa ni yangu. Mtu hawezi kujitungia aibu ya namna hii.

Kwanza mnijue. Naitwa Kendi, nauza rangi. Niko kwa hardware moja hapa Embu mjini, counter ya rangi, huu ni mwaka wa kumi na moja. Ukiniuliza tofauti ya primer na undercoat nitakueleza mpaka aliye nyuma yako kwa foleni aamue kurudi kesho.

Kupenda kueleza nimerithi. Baba yangu alikuwa mwalimu mkuu wa shule ya msingi kule Timau hadi akastaafu, na mpaka leo hakuna mtu anayemwita kwa jina. Ni Mwalimu tu.

Sasa, nyuma ya nyumba ya Mwalimu kuna ndege.

Si ndege nzima. Ni kiwiliwili chake, kuanzia pale injini ingekuwa hadi karibu na mkia. Haina injini, haina mabawa, haina magurudumu. Babu aliivuta hadi pale kwa maksai, wakati mzungu mmoja alikuwa anahama shamba lake la ngano na akamwambia achukue chuma chakavu chochote anachotaka.

Babu hakutaka ndege. Alitaka stoo ya mahindi. Aliigongagonga ile alumini kwa kidole, akasema panya hawezi hii.

Na kweli panya hakuweza. Baada ya mahindi ikawa stoo ya viazi, na baada ya viazi mama akaweka kuku. Ndiyo nyumba ya kuku hadi leo.

Kwa hivyo mnaelewa, hii ndege imefanyiwa ukarabati na watu watatu ambao hakuna hata mmoja alikuwa na mpango wa kuruka. Pale injini ilipokuwa, babu aliziba kwa mabati. Mlango wa kuku ni mlango wa friji iliyokufa. Chini ya mkia palipotoboka, baba alipigilia kipande cha ubao wa shule, na ukiinama unaona bado neno Tarehe limeandikwa kwa rangi nyeupe pembeni.

Lakini baba alipokuwa akifundisha, aliwaambia watoto kwamba hii ni ndege ya vita. Si ya kubeba mizigo, si ya kubeba watu. Fighter, ile ya kupigana na nyingine angani. Kila mwaka darasa la mwisho lilipanga mstari likaja kwetu kuiona, kisha wakarudi darasani kuandika insha. Miaka thelathini.

Kuna viti viwili, kimoja mbele, kimoja nyuma. Yaani viti vyenyewe vilikwisha kitambo, ni nafasi zake. Baba aliwaeleza kwamba cha mbele ni cha rubani na cha nyuma ni cha mpiga bunduki. Bunduki iko wapi, Mwalimu? Wazungu walienda nayo. Basi.

Sasa mjue Mzee Gitonga. Ni jirani yetu, tumetenganishwa na ua wa miti tu, na ni mzee wa kanisa pamoja na baba. Akiwa kijana aliendesha trekta kwenye mashamba makubwa ya ngano, na hilo halisahau wala haturuhusu sisi tulisahau.

Mwaka huu, baada ya ibada, watu wakiwa wamesimama nje wakiota jua, Mzee Gitonga akasema kwa sauti ya kusikika hadi kwa parking, "Mwalimu, ile kitu yako si ya vita. Ni ya kunyunyizia ngano dawa. Mimi niliziona zikifanya kazi. Umedanganya watoto wetu miaka thelathini."

Watu wakacheka. Nusu yao ni wanafunzi wa baba. Chifu mwenyewe ni mwanafunzi wa baba, na alicheka akiangalia viatu.

Baba hakucheka. Jumapili iliyofuata hakuenda kanisani, na iliyofuata pia hakuenda. Mama akanipigia simu.

"Kendi, baba yako ameanza kukaa na kuku."

Nikaomba nipewe simu nimsikie mwenyewe. Nilidhani nitamkuta na hasira ya kawaida, ile ya siku mbili. Haikuwa hiyo.

"Kama niliwadanganya kuhusu ndege," akaniambia, "mzazi yeyote ana haki ya kuuliza niliwadanganya wapi kwingine. Labda hata hesabu. Mtafute mtu anayejua. Akisema nilikosea, nitasimama mbele ya kanisa niwaombe msamaha, mmoja mmoja, wale ninaowakumbuka majina."

Na baba anakumbuka majina yote. Hiyo ibada ingeisha Jumatano.

Nikaingia mtandaoni, nikapata kikundi cha watu wanaopenda ndege za zamani, nikaweka picha mbili. Akanijibu mzee mmoja wa Nairobi, fundi wa ndege aliyestaafu, ambaye siku hizi anazunguka nchi akiandika kwenye daftari mabaki ya ndege yako wapi na yana umri gani. Tumwite Injinia Wafula. Akasema atafika Jumamosi.

Akaongeza ujumbe huu, naunakili: "Tafadhali msijisumbue kuitengeneza. Iacheni tu ilivyo."

Wakuu, hapa ndipo tulipoharibu.

Nilimsomea baba huo ujumbe kwa simu. Akasema, "Huyo ni mtu mwenye adabu." Nami nikakubali kabisa. Kwa sababu kwetu mgeni akisema msijisumbue, maana yake amelelewa vizuri. Akisema chai inatosha, unachinja kuku. Akisema atakaa tu kwa stuli, unatoa kiti chenye kitambaa. Mgeni aliyesema msijisumbue na akakuta kweli hamkujisumbua, hiyo familia itazungumziwa.

Na mkumbuke baba ni mwalimu mkuu. Kwa maisha yake yote ya kazi, mkaguzi akisikika anakuja, mawe yanapakwa chokaa, miti inapakwa chokaa, watoto wananyolewa. Mkaguzi wa shule na mkaguzi wa ndege, kwake ni mkaguzi.

"Leta rangi," akasema.

Nikaomba ruhusa kazini, nikafika Timau Jumatano na silver ya gloss kopo kubwa, nyekundu ndogo, nyeupe ndogo, msasa wa kutosha na masking tape, ile tepu ya karatasi. Nilikuwa na furaha, siwafichi. Miaka yote nauza rangi ya milango na mageti. Sasa nilikuwa napaka fighter.

Nina sheria moja ambayo wateja wangu wote wanaijua: rangi bila maandalizi haishiki. Lazima usugue kwanza mpaka uchafu na rangi ya zamani iliyolegea itoke, uoshe, ukaushe, ndiyo upake. Kwa hivyo nilianza upande wa kulia nikasugua kama mtu aliyelipwa. Karibu na mkia niliona kivuli cha kitu kama herufi, hafifu sana chini ya uchafu. Nikafikiri ni alama za magunia ya babu zilizogandia pale. Nikaziondoa vizuri sana. Pakang'aa.

Nilipohamia upande wa kushoto, mama akatokea na mwiko.

"Huko usiguse. Kuna kuku amelalia hapo ndani, amebakisha siku nne. Ukianza kugwaruza hiyo bati ataacha mayai."

"Mama, rangi haitashika."

"Na mimi vifaranga nitashika?"

Kwa hivyo upande wa kushoto sikuusugua. Nilipangusa vumbi kwa kitambaa kama mtu anayepangusa mtoto usingizini, nikapaka silver juu ya uchafu wa miaka yote. Moyo uliniuma. Nilimwambia baba, "Huu upande mwaka mmoja tu utaanza kubanduka." Akasema mkaguzi hatakaa mwaka.

Kisha akachukua brashi ndogo mwenyewe. Aliwahi kuona kwenye kalenda ndege ya vita yenye meno puani, na akasema ya vita lazima iwe na meno. Akayachora kwenye yale mabati ya babu, meupe, na mdomo mwekundu kuyazunguka. Shida ni kwamba mabati yana mawimbi. Ukisimama mbele ilikuwa kama kiboko aliyesikia habari njema.

Mama akaiangalia kwa muda. "Baba Kendi, hii inapigana na nani?"

Kufikia Alhamisi jioni ndege ilikuwa inang'aa, mawe yote kuizunguka yamepakwa chokaa, na kuku sita wana mabawa ya silver kwa sababu kuku hasomi kibao cha wet paint. Jogoo alipata mkia wote. Alitembea siku mbili kama amepandishwa cheo.

Jumamosi saa nne Injinia Wafula akafika. Mzee mrefu, mpole, kofia ya sufu, begi la ngozi begani. Mzee Gitonga alikuwa ameshafika zamani, ati amekuja kuazima jembe.

Tukampeleka nyuma ya nyumba. Akapiga kona, akasimama.

Kuku wa silver akapita mbele yake. Akamfuata kwa macho mpaka akaingia kwa sukuma wiki.

"Nani amepaka?" akauliza.

"Mimi na binti yangu," baba akasema, kifua mbele. "Yeye ni mtaalamu wa rangi, kutoka Embu."

Injinia akatafuta mahali pa kukaa, akakaa kwenye jiwe. Chokaa ikashika suruali yake yote ya nyuma na hakuna aliyekuwa na roho ya kumwambia.

"Mwalimu," akasema taratibu, "kitu cha zamani kinakuwa original mara moja tu."

Wakuu, alichotueleza hapo kwenye jiwe ndicho kilichonifanya niandike huu uzi, kwa hivyo nipeni dakika mbili.

Alisema ndege za vita za zamani zilizobaki duniani ni chache, na karibu zote zina viraka. Nyingine unaiona inaruka kwenye maonyesho, watu wanapiga makofi, kumbe bawa ni la ndege nyingine, injini ya nyingine, na bati la mwili limekatwa juzi. Kinachobaki cha zamani kabisa pengine ni kibati kidogo chenye namba ya kiwanda. Mtu anapata hicho kibati kwenye mabaki, anaijenga ndege mpya kukizunguka, na kwenye karatasi inahesabiwa ni ileile ya wakati wa vita. Wenye mambo yao hubishana kwa miaka kama hiyo ni halali au ni mchezo.

Mzee Gitonga akaingilia. "Yaani mimi nikiwa na kibati cha trekta, nina trekta?"

"Kuna watu wangekubaliana na wewe."

Niliona Mzee Gitonga anajaribu kukumbuka amewahi kuona wapi kibati cha trekta.

Injinia akasema ndiyo maana yeye haanzi na kuuliza ndege ina umri gani. Anauliza ni sehemu gani ina umri gani. Kwanza anatafuta kibati. Yetu haikuwa nacho, kulikuwa na matundu manne ya riveti, zile pini za kushikia bati, pale kilipong'olewa, hakuna anayejua lini. Pili, anaangalia riveti zenyewe na mihuri midogo ya wakaguzi wa kiwandani. Tatu, anaangalia rangi, tabaka kwa tabaka, kwa sababu rangi ya chini ndiyo inayosema ndege ilikuwa ya nani na kazi yake ilikuwa gani.

"Rangi ndiyo kitambulisho chake," akasema. "Na nyinyi mmeisugua."

Niliomba ardhi ifunguke kidogo tu, saizi yangu.

Mama alikuwa ameleta chai. Akasema, "Injinia, hiyo original mimi huwa siielewi. Huyu mzee wangu meno ni ya kununua, macho yamefanyiwa operesheni, na nyonga moja ni chuma. Nimebakiza masikio, na hayo hayasikii. Lakini bado ni yeye."

"Huyo, mama, ni wa kibati," Injinia akasema. "Unamtambua kwa jina."

Baba peke yake hakuwa anacheka. Alikuwa amesimama mbele ya meno aliyochora, mikono nyuma, kama mtu anayengoja matokeo ya mtihani.

"Kwa hivyo haiwezi kujulikana tena?" akauliza. "Kama ni ya vita au ni ya ngano?"

Hapo nikakumbuka upande wa kushoto.

Nikamweleza Injinia yote: kuku anayelalia, kitambaa, uchafu. Dukani tuna jaribio moja ambalo huwa namwonyesha mteja anayelalamika rangi inabanduka. Unabandika masking tape, unaikandamiza kwa kidole gumba, unaivuta kwa nguvu. Ukuta ukiwa uliandaliwa vizuri, tape inatoka safi. Ukiwa haukuandaliwa, rangi inatoka nayo. Na hii yangu ilikuwa ya siku tatu, katika baridi ya Timau, juu ya vumbi na mafuta ya kuku. Kwa mara ya kwanza katika maisha yangu niliomba Mungu kazi yangu iwe mbovu.

"Bandika pole," Injinia akasema. "Sehemu ndogo."

Nikabandika, nikakandamiza, nikavuta.

Silver ikatoka kama ganda la ndizi. Chini kulikuwa na uchafu, Injinia akaulainisha kwa kitambaa chenye maji kidogo, akapangusa mara mbili.

Manjano. Manjano iliyofifia, lakini manjano.

Mzee Gitonga akapiga paja. "Nilisema nini? Zile za dawa zilikuwa manjano. Manjano kabisa, ili mtu wa trekta azione mapema. Mwalimu, manjano hiyo."

Baba akatazama lile doa kwa muda mrefu. Kisha akavua kofia.

"Basi," akasema. "Kendi, niletee daftari na kalamu. Nianze kuandika majina."

Na hakuwa anatania, wakuu. Aliingia nyumbani akatoka na miwani ya kusomea. Mzee Gitonga alipoona hiyo miwani, uso wake ulibadilika. Alikuwa ametaka kushinda. Nadhani hakuwa ametaka kuona Mwalimu akikaa chini kuandika.

"Si lazima iwe Jumapili hii," Mzee Gitonga akasema, akiangalia kando.

"Ni kesho," baba akasema.

"Ngojeni," Injinia akasema. "Manjano ni ya watu wengi. Niruhusuni niingie ndani."

Mama akamwonya kuhusu kuku. Akasema amefanya kazi na marubani, hawezi kushindwa na kuku. Akafungua mlango wa friji, akaingia kwa magoti na tochi, tukabaki tunaangalia soli za viatu vyake. Tukasikia kelele ya kuku, kelele ya Injinia, kisha kimya, kisha kugongwagongwa kwa chuma.

Alitoka na manyoya kwenye kofia na alama ya mdomo wa kuku kwenye mkono. Alikuwa anatabasamu.

"Mama, kuku wako wanalala juu ya nini kule nyuma?"

"Kuna vyuma viwili vimetoka chini. Tangu zamani wanalala hapo."

"Hivyo vyuma ni pedali. Za miguu ya rubani. Nafasi ya mbele ina mabaki ya pedali, na ya nyuma ina pedali zake kamili, na mahali pa usukani wa pili. Mpiga bunduki hahitaji pedali. Na kama ingekuwa ya ngano, nafasi moja ingekuwa ya tangi la dawa, na tangi halina miguu."

Mzee Gitonga akafikiria. "Labda walikuwa madereva wawili. Wa zamu."

"Kendi," Injinia akasema, "endelea kubandua kuelekea mkia. Usiruke hata inchi."

Nikabandika, nikavuta. Nikabandika, nikavuta. Kila mtu alikuwa ameinama nyuma yangu, nasikia pumzi ya chai ya Mzee Gitonga shingoni. Kwenye tape ya sita ukatokea ukingo mweusi. Ya saba ikaleta herufi, nusu imeliwa na wakati. Baada yake ikaja tarakimu, na tarakimu, na tarakimu. Zile zile nilizokuwa nimezifuta kwa ustadi upande wa kulia nikidhani ni magunia.

Injinia akapiga picha, akaandika kwenye daftari lake, akalifunga.

"Hiyo ni namba ya jeshi. Ndege hii ilikuwa ya jeshi, na kwa riveti na mihuri niliyoona, mwili wa nyuma ni wa wakati wa vita kuu ya pili. Haujabadilishwa isipokuwa huo ubao wa shule. Huo pia msiung'oe, sasa nao ni sehemu yake."

Baba akaweka kalamu chini. "Kwa hivyo ni ya vita."

Injinia akakaa tena kwenye jiwe. Nilijua ana neno gumu, kwa sababu mimi hufanya vivyo hivyo mteja akiwa amepaka rangi ya nje ndani.

"Ni ya wakati wa vita, Mwalimu. Lakini haikuwa fighter. Kijana hakupewa fighter kabla ya kujifunza. Alijifunzia hii kwanza. Ndiyo maana ni manjano, ili ndege nyingine zimwone na zimpishe. Hii ilikuwa ndege ya kufundishia."

Jogoo wa silver akapita.

"Kufundishia," baba akasema.

"Ndiyo."

"Na kule mbele alikaa nani?"

"Mbele mwanafunzi. Nyuma mwalimu."

Baba akarudia polepole, kama anayesoma ubaoni. "Nyuma mwalimu." Kisha akauliza, "Na mwanafunzi akikosea?"

"Mwalimu anarekebisha kwa pedali zake, kutoka nyuma. Lakini akiwa mwalimu mzuri anangoja kidogo, aone kama mtoto atajirekebisha mwenyewe."

"Ndivyo inavyofaa," baba akasema, na akatoa kitambaa akapangusa miwani ambayo haikuwa na uchafu wowote.

Alitaka kuingia akae pale nyuma. Mama akamkatalia, kuku amebakisha siku moja. Kwa hivyo akaingia mbele, kwa mwanafunzi, akakaa humo kama nusu saa. Mzee Gitonga akamsogelea dirishani akamuuliza anaona nini. Baba akamjibu anaona shamba la Gitonga, na kwamba viazi vyake vimechomwa na baridi.

Injinia alikula vizuri, ingawa nyama ya jogoo wa silver aliikataa kwa heshima. Kwenye daftari lake, niliona, pale pa rangi ya sasa aliandika: silver, ya Jumatano.

Kesho yake baba akaenda kanisani na bado akasimama. Mama alimwambia hana haja tena, ndege imekuwa ya jeshi kweli. Akasema alifundisha fighter, na si fighter, na kosa dogo nalo ni kosa.

"Wote niliowafundisha," akasema pale mbele, "niliwaambia ile ndege ilikuwa ya kupigana, na kiti cha nyuma cha mpiga bunduki. Si kweli. Ilikuwa ya shule, na nyuma alikaa mwalimu. Naomba mnisamehe na msahihishe."

Chifu akainua mkono, kama zamani. "Mwalimu, mimi niliandika kwenye insha kwamba nyuma hapakuwa na mahali pa kufunga bunduki. Ulinipa saba kwa kumi. Uliandika, Usibishane na historia."

Kanisa zima likageuka.

"Iko wapi hiyo insha?" baba akauliza.

"Mama yangu hutunza vitu."

"Ilete."

Mzee Gitonga naye akaulizwa na mchungaji kama ana neno, kwa vile alisema ni ya ngano. Akasema yeye hakuwa mwalimu, yeye ana ruhusa ya kukosea. Lakini wakitoka nje alimshika baba mkono akamwambia ile manjano ilimchanganya, na baba akamwambia manjano ni ya watu wengi.

Jumatatu asubuhi chifu akaja na daftari lenyewe, karatasi zimekuwa rangi ya chai. Baba akavaa miwani, akaisoma insha yote kuanzia mwanzo, akakata ile saba kwa kalamu nyekundu akaandika tisa. Chifu akauliza moja imeenda wapi.

"Mwandiko," baba akasema.

Hayo ndiyo yaliyotupata. Niliyojifunza ni kwamba nimetumia miaka kumi na moja kuwafundisha watu kufunika, na sikuwahi kujiuliza nafunika nini. Ukisugua kitu cha zamani ili kipendeze, unaweza kuwa unafuta jina lake. Na mtu anayejua kazi yake akikwambia usijisumbue, kubali tu kwamba hasemi hivyo kwa adabu tu.

Usijilaumu sana kama umeshafanya kosa kama letu. Mara nyingi kuna upande mmoja ambao hukuufikia. Kama una kitu cha zamani nyumbani, trekta, cherehani, redio, hata sanduku la babu, kiandike hapa chini tukijadili, na kama kuna fundi wa ndege humu anisahihishe nilipoteleza.

Lakini kabla hujaandika, fanya hivi: kitoe nje kwenye mwanga, kipanguse vumbi kwa kitambaa kikavu, kipige picha pande zote nne pamoja na chini, na kopo la rangi ulirudishe stoo.